Huru ya Jumlisha Tatu

Habari kwamba Mbula amepona zilianza kuzunguka soko la Kyuso saa nne asubuhi ya Jumanne, na mtu wa mwisho kuzipata alikuwa Mbula mwenyewe. Alikuwa nyumbani, amelala kwenye godoro la kuazima, kifua kimefungwa bandeji upande wa kushoto, aliposikia mumewe akija mbio. Kyule si mtu wa mbio. Ana goti moja lililokataa kukunjika, na siku nyingine zote huingia uani akilalamika. Mbula akajua kuna mtu amekufa, akaanza kuwapitia watoto wake kichwani, mmoja mmoja.

"Mama Kasyoka! Uko huru!"

"Huru ya nini?"

"Hospitali wameandika! Uko huru kabisa!"

Wiki tatu kabla ya hapo daktari alikuwa amemtoa Mbula uvimbe kwenye titi, na msichana mmoja wa utafiti, mwenye koti jeupe na viatu vya raba, akamwomba kipande kidogo cha uvimbe huo akakipime. Mbula alitia sahihi bila kusita. Hakuona sababu ya kumnyima mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hakukitaka. Sasa jibu lilikuwa limekuja. Lilikuwa limeingia simu ikiwa kwenye chaji dukani kwa Abdisamad, kwa kuwa umeme wa Kyuso hupita juu ya paa la Kyule ukienda kwa wengine, na Abdisamad, ambaye ana miwani, ndiye aliyelisoma kwa sauti mbele ya wateja wanane.

Mbula akaishika simu, akasoma polepole. MGONJWA 47, M. KYULE. HuR +++. AANZE JUMATATU, ASIKOSE.

"Hapa imeandikwa H, u, R," akasema. "Huru si iko na u mbili?"

"Meseji ni ya kulipia. Wameokoa herufi."

"Na mbona H kubwa, u ndogo, R kubwa?"

Kyule akafikiri kidogo. "U ni wewe. Uko katikati ya wakubwa."

"Na nianze Jumatatu. Nianze nini?"

"Maisha!" Kyule akapiga kelele, kisha akaketi ukingoni mwa godoro na kulia. Mbula hakuwa amemwona akilia tangu walipomzika mama mkwe. Akamtazama mzee wake akijifuta kamasi kwa kofia, na tuseme ukweli, akataka sana kuamini. Akaamini mpaka jioni.

Zilibaki zile alama tatu. Mchungaji Gathua, aliyeletwa Kyuso kutoka Nyeri miaka miwili iliyopita na bado analalamikia jua kana kwamba limewashwa kwa ajili yake, alifika Jumatano kuja kuziona kwa macho yake. Alishika simu kwa mikono miwili.

"Mmeona hii?"

"Tumeona jumlisha," Kyule akasema.

"Jumlisha? Baba Kasyoka, hii ni misalaba. Hebu niambie, Kalvari ilikuwa na misalaba mingapi?"

Kyule akavua kofia.

"Kompyuta ya hospitali," Mchungaji akaendelea, akiinua simu juu, "kitu haijaokoka, haijabatizwa, imeandika Kalvari yenyewe. Na bila kuambiwa na mtu!"

"Lakini Mchungaji," Mbula akauliza, "kwa hiyo mitatu, si miwili ilikuwa ya wezi?"

Mchungaji akasema hilo ni swali zuri sana, na kwamba angelijibu kwenye ibada ya shukrani. Ibada ikapangwa Jumamosi, hapo hapo uani, na tenti na spika vikatafutwa. Kasyoka, binti yao anayefanya kazi hotelini Emali, akaambiwa kwa simu na akapiga vigelegele mpaka wapishi wenzake wakatoka jikoni. Hakupewa ruhusa ya kuja, lakini aliahidi kutuma bango, maana Emali kuna mtu anayachapa makubwa makubwa.

"Na mboga?" Mchungaji akauliza kwa upole.

"Tutachinja Kliniki," Kyule akasema.

Kliniki alikuwa mbuzi. Alikuwa beberu mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na alipata jina hilo kwa kuwa alitengwa na wenzake siku Mbula alipotoka hospitalini, akaambiwa kwamba yeye ndiye nauli, kitanda na chakula cha safari inayofuata. Tangu hapo akaheshimiwa. Alikula maganda kabla ya mbuzi wengine, na hata siku alipotafuna leso ya Mbula hakupigwa.

"Ukichinja Kliniki, Jumatatu nitaenda na nini?" Mbula akauliza.

"Utaenda kufanya nini? Mtu ameachiliwa jela, anarudi kwa askari kufanya nini?"

Mchungaji akasema Amina, na ikawa imeamuliwa.

Alhamisi asubuhi, jirani yao Mwongeli alikuja na mkokoteni. Alimkumbatia Mbula upande ule wenye bandeji, akaomba msamaha, akamkumbatia upande wa pili.

"Nimefurahi mpaka nimeshindwa kulala," akasema. "Na hata ningetaka kulala, godoro si iko hapa."

Mbula akainuka. Mwongeli akalikunja godoro, akalifunga kamba, akalipakia huku akiimba. Mbula alibaki amesimama na kikombe cha chai mkononi, akitazama mbao za kitanda, na aibu ikampanda bila yeye kujua amekosa nini.

Saa tano, kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, waliokuwa wakimpalilia ndengu, wakatoka shambani. Walikuwa wamefika katikati ya mstari. Mwenyekiti wao alipita kumpongeza na kumkumbusha kwamba zamu ya Jumanne ijayo ni kwa mama fulani aliyevunjika mguu, na kwamba jembe lake Mbula wameliacha pale pale walipokoma, asije akapata shida kulitafuta.

Baada ya chakula cha mchana ilikuwa zamu ya Syombua, dada yake Kyule, aliyekuja kupika na kuchota maji. Alitoka chumbani na kiondo begani.

"Wifi, mimi nilikuja kuuguza," akasema. "Sasa mgonjwa hakuna. Nitauguza nani?"

"Mkono bado hauinuki, wifi."

"Utainuka. Mkono yenyewe haijapata habari." Syombua akamshika mashavu kwa mapenzi ya kweli. "Chumvi iko kwa ile mkebe ya majani. Maji imebaki nusu mtungi."

Nusu mtungi uliisha kabla ya magharibi. Mbula akachukua kidumu kidogo na kushuka mpaka kwenye bomba, mkono wa kushoto ukining'inia. Wiki zote tatu, Syombua akienda pale alikuwa akipishwa mbele akitaja jina la wifi yake. Sasa akasogea mbele mwenyewe, na mwanamke mmoja akamgusa bega.

"Si wewe ndiye yule wa huru?"

"Ni mimi."

"Pongezi, mwaitu, mama yetu. Laini inaanzia kule nyuma. Wagonjwa ndio wanapitanga."

Aliporudi na nusu kidumu, bandeji ikiwa na doa jipya, Mbula alikuwa amekata shauri. Angepiga simu hospitalini. Hakuwa na shaka kubwa, la. Alitaka tu waandike barua ndogo yenye muhuri, ieleze yuko huru kiasi gani, na kama huru hiyo inafika mpaka kwenye kubeba maji.

Ijumaa akaenda dukani kwa Abdisamad, ambako mtandao hushika ukisimama kati ya magunia ya sukari na mlango. Akaipiga namba iliyoleta meseji. Ikapokelewa na sauti ya msichana.

"Hallo, ni Cheryl wa maabara."

"Mimi ni mgonjwa arobaini na saba. Wewe ndiye ulinitumia huru?"

"Nilikutumia nini, mama?"

"Huru. Jumlisha tatu."

"Ngai!" Cheryl akasema. "Hiyo nilikuwa natumia daktari wako! Imekuja kwako?"

"Imekuja kwa Kyuso yote."

Cheryl akaomba msamaha mara nne. Kisha akauliza kwa uangalifu, kama mtu anayepapasa njia gizani, Mbula alikuwa ameielewa vipi. Mbula akamweleza. Akaeleza na misalaba.

"Mama, hiyo si huru. Ni jina. H, u, R. Ni protini."

"Protini si iko kwa ndengu?"

"Hii iko kwa mwili. Sikiza. Mwili yako ni seli nyingi ndogo ndogo. Kila seli iko na kitabu kubwa ya maagizo, lakini hicho kitabu hakitoki. Kwa hivyo seli inanakili barua fupi, hiyo tunaita RNA. Barua inasema tengeneza hii, ama kua, ama gawanyika. Ikishasomwa, inararuliwa. Ni lazima iraruliwe, ndio kazi isimame. Uko na mimi?"

"Niko."

"Sasa HuR kazi yake ni kushika barua zingine zisiraruliwe. Kidogo si mbaya, kila mtu ako nayo. Lakini kwa kile kipande yako ni nyingi, na imetoka mahali inafaa kukaa. Tunapaka rangi, tunaangalia na darubini. Ikikolea sana tunaandika jumlisha tatu. Kwa hivyo ile barua ya 'kua, kua' inasomwa tu. Inasomwa tena na tena."

Mbula akawafikiria Mchungaji, Mwongeli, Syombua na wateja wanane. "Hata kama kazi ilifaa iishe kitambo," akasema.

"Hata kama."

"Basi kwetu hiyo protini inaitwa Kyule."

"Pardon?"

"Endelea, mwanangu. Nitakufa?"

"Hiyo alama haisemi hivyo, mama. Sitaki nikudanganye. Bado tunaichunguza, hata si kipimo ya kawaida. Lakini daktari ameangalia uvimbe yenyewe, na amesema dawa ya kwanza ianze Jumatatu. Kile kitu yangu inaongeza ni moja tu: usichelewe. Utakuja?"

"Nitakuja," Mbula akasema. Akaketi juu ya gunia la sukari. Abdisamad, ambaye alikuwa amesikia yote akijifanya anapanga viberiti, akamletea chai. Kisha akajitetea.

"Mama Kasyoka, mimi nilisoma vile imeandikwa. Ha, u, ra. Mzee ndiye aliweka u ya pili."

Wakati huo huo bango likafika. Lilikuwa limesafiri kutoka Emali kama mzigo, likapitia Nairobi, na sasa Kyule alikuwa analikunjua mbele ya duka, akisaidiwa na yeyote mwenye mikono. Lilikuwa la plastiki nene, refu kuliko mlango. Kasyoka, mtoto mwangalifu, alikuwa ametoa maneno kwenye meseji yenyewe, aliyokuwa ametumiwa, asije akakosea hata herufi. ASANTE MUNGU, lilisema kwa buluu, MAMA YETU MBULA YUKO. Kisha, kwa nyekundu, kila herufi ikiwa kubwa kuliko sahani, HuR +++.

Mbula akasimama mlangoni akalisoma ugonjwa wake. Watu walikuwa wanalipiga picha.

"Baba Kasyoka," akasema. "Hiyo si huru. Nimeongea na wao. Ni jina ya kitu kinafanya saratani ikue. Jumatatu naanza dawa."

Kyule hakugeuka. Aliendelea kuvuta kona ya bango iliyojikunja. "Mama Kasyoka, usianze."

"Meseji ndiyo inasema nianze."

"Tenti imefika. Mchungaji ameita watu mpaka Mwingi. Kasyoka amelia kwa simu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huyo msichana pengine amekosea."

"Na kama hajakosea?"

"Tuongee Jumapili," Kyule akasema, akainua bango mpaka likamficha uso.

Jumamosi ua ulijaa. Watu waliokuwa hawajawahi kuijua nyumba ya Kyule waliulizia njia na kuelekezwa na bango. Sufuria zilikuwa zimepangwa juu ya mawe, moto umewashwa, vitunguu vimekatwa, na Kliniki alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya tenti karibu na spika, akitafuna kamba ya tenti. Kyule alikuwa na kisu mfukoni, kimenolewa. Shughuli ya mbuzi ilisubiri ushuhuda.

Mchungaji Gathua alihubiri kuhusu misalaba mitatu kwa saa nzima. Ile miwili ya wezi aliiruka. Kisha akampa Mbula mikrofoni.

Mbula alikuwa amepanga maneno usiku kucha juu ya mbao za kitanda. Akaona ni heri aanze na lile kubwa.

"Mimi siko huru," akasema.

"Amina!" watu wakaitikia.

"Nasema siko. Mimi ni mgonjwa."

"Ulikuwa!" akasema Mchungaji.

"Niko! Hiyo kitu imeandikwa hapo juu ni jina ya ugonjwa!"

"Itaje, mama! Iaibishe!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu wa kinanda akaweka mdundo chini ya maneno yake.

"Iko kwa mwili yangu saa hii!"

"Amina!"

"Itaniua kama sitaenda hospitali!"

"Haleluya!"

Mbula akawatazama. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamefunga safari, wamevaa nguo nzuri, wanampenda, na hakuna neno lililokuwepo katika Kiswahili wala Kikamba ambalo wasingelisemea Amina siku hiyo. Mbele kabisa Mwongeli alikuwa anarukaruka akilia kwa furaha. Mtu mmoja tu hakuwa ameitikia. Kyule alikuwa amesimama kando ya sufuria, mkono mfukoni, anamtazama mkewe.

Mbula akaweka mikrofoni juu ya kiti. Akaenda kwenye nguzo, akainama, akamfungua Kliniki kwa mkono wa kulia na meno.

"Anamleta madhabahuni!" Mchungaji akatangaza.

Lakini Mbula akaipita madhabahu. Akazipita sufuria, akampita mpishi aliyebaki na mwiko hewani, akatoka nje ya ua na kushika njia ya sokoni, Kliniki akimfuata bila kubishana. Kisha mtu wa kinanda, ambaye kinanda chake kilikuwa na mkanda wa begani, akaanza kutembea, na mambo yakawa maandamano. Vijana wakang'oa bango na nguzo zake, wakalibeba mbele. Wakaimba. Soko zima likasimama kutazama mwanamke mwenye bandeji akivuta mbuzi, na nyuma yake watu mia mbili wakicheza chini ya maandishi mekundu ya maabara.

Mbula akasimama mbele ya duka la Abdisamad, ambaye hununua mbuzi Jumamosi na siku nyingine yoyote.

"Nauza," akasema.

Abdisamad akampapasa Kliniki mgongo na mbavu. Akainua macho. "Na hawa?"

"Hawa wanaimba."

Abdisamad akaingia ndani, akarudi na bei nzuri kuliko ya soko, akamkabidhi mkononi mbele ya kila mtu. Kliniki akapelekwa nyuma ya duka. Watu wakashangilia, wakidhani ni sadaka.

Ndipo Kyule akafika. Goti lilikuwa limemchelewesha. Alipenya kati ya waimbaji mpaka alipokuwa amesimama mbele ya mkewe, akihema, na akauliza kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeisikia.

"Hiyo kitu ni mbaya kiasi gani?"

"Sijui. Hata yule msichana hajui vizuri. Ndio maana naenda."

"Mimi nilitaka iwe ile ingine."

"Hata mimi, Baba Kasyoka. Nilitaka sana."

Kyule akaitikia kwa kichwa. Akatia mkono mfukoni na kutoa kile kisu. Waimbaji wa mbele wakamwona, wakapunguza sauti. Akalifikia bango na kulishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akalichoma pale penye H na kuanza kukata. Plastiki ilikuwa ngumu. Kasyoka alikuwa amechagua ile nzuri. Kyule alikata huku anasukuma kisu kwa uzito wa mwili wake wote, anapumua kwa nguvu, akaipita u, akaipita R, na kufikia ile jumlisha ya kwanza kinanda kilikuwa kimenyamaza.

"Baba Kasyoka, unafanya nini?" Mchungaji Gathua akauliza.

"Nararua," Kyule akasema. "Hii habari ilifaa iraruliwe Jumanne. Mimi ndiye nilizuia." Akakata jumlisha ya pili na ya tatu, akaviacha vipande vianguke. Kisha akawageukia watu na kulisema neno ambalo hakuwa amelitamka hata mara moja wiki nzima. "Mke wangu ni mgonjwa. Jumatatu tunaenda hospitali, mimi na yeye."

Soko likanyamaza mpaka Kliniki akasikika nyuma ya duka. Mwongeli alikuwa ameweka mikono kichwani.

"Na ile godoro," akasema. "Woi, mwaitu. Nitairudisha. Nimeilalia siku mbili tu."

Mbula akataka kumwambia si neno. Lakini woga wote aliokuwa ameubeba peke yake tangu Jumanne, huku wengine wakimpongeza, ukampata pale pale. Akaketi kwenye ngazi ya duka, noti zikiwa zimefumbatwa mkononi, akalia kwa sauti. Kyule akateremka kwa shida na goti lake, akaketi kando yake. Watu mia mbili wakasimama wakimtazama akilia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo, hakuna aliyesema Amina.